Ardhi ya Dakika

Benchi la mbele ya duka la Etelka lina miguu minne, mmoja umefungwa waya, na asubuhi ile ya Oktoba lilikuwa limeshabeba wazee watatu kabla Vendel hajafika. Kahawa hutolewa dirishani, nyeusi, katika bilauri ndogo ambazo ukizikumbatia viganjani hazionekani. Mvua ilikuwa imenyesha siku tano mfululizo, halafu upepo ukavuma siku tatu, na watu walishachoka kutazama mashamba yao. Udongo wa huku ni mfinyanzi mweusi wenye chumvi ndani yake, na tangu zamani unaitwa ardhi ya dakika. Ukiwa na maji unanata mpaka unakuvua buti. Ukikauka, jembe linatoa matofali. Kati ya hali hizo mbili kuna kipindi kifupi ambacho chuma kinapita vizuri, saa chache tu, na aliyekikosa amekosa msimu. Kukikisia kipindi hicho ndiyo kazi ya benchi, na wale wazee wanaifanya kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye kazi yoyote ya mshahara.

Vendel alikuja taratibu na fimbo yake, mkono mmoja umeshika kitambaa kilichofungwa. Ndani ya kitambaa mlikuwa na donge la udongo wa shamba lake. Alikuwa na miaka sabini na nne na nyonga mbovu, na benchi lilimpa jina la Bado, kwa sababu kila vuli akiulizwa kama shamba liko tayari, hilo ndilo jibu lake.

— Bado huyo anakuja! alisema Goti. Sogeeni, sogeeni, bwana shamba kafika.

Goti jina lake Lorinc. Aliumia goti jeshini, na tangu hapo linamwambia habari za mvua, mara nyingi baada ya mvua kunyesha.

— Sogeeni wenyewe na makalio yenu, alisema Vendel akikaa kwa kuguna. Etelka, mama, nipe kahawa. Usiku sijalala.

— Nani analala? alijibu Etelka kutoka dirishani. Kunywa, usinisimulie.

Kweli hakulala. Jioni iliyopita mwanawe Agoston alipiga simu kutoka Budapest. Kampuni moja inataka kukodi zile hekta sita kwa miaka ishirini na mitano, izipande mabamba ya kuvuna umeme wa jua. Vuli iliyopita shamba halikupandwa. Ya kabla yake lilipandwa kwa kuchelewa na ngano ikafa. Agoston hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma Vendel zaidi. Alisema tu: Baba, ukipanda vuli hii, sitalitaja tena jambo hili mpaka ufe. Usipopanda, tunasaini mkataba. Na redio ilikuwa imetangaza upepo mkavu mpaka mwisho wa mwezi.

Donge liliwekwa juu ya kisahani, kama ilivyo desturi, likaanza kuzungushwa. Kila mtu analijaribu kwa namna yake. Goti hulibonyeza kwa kidole gumba. Dizeli, aliyeendesha trekta la shamba la ushirika miaka thelathini, hulivingirisha liwe kamba. Lango, mlinzi mstaafu wa milango ya mfereji, hulionja.

— Kimeingia chote, alisema Goti akitazama kidole chake. Halijaiva.

— Kamba imefika shibiri nzima haijakatika, alisema Dizeli. Maji yamejaa humu. Ukiingiza trekta leo utaliacha huko huko mpaka Pasaka.

— Chumvi imepanda, alisema Lango, akatema pembeni. Ya mwaka huu kali.

— Wewe ya kila mwaka unasema kali! alisema Goti.

— Kwa sababu kila mwaka inapanda, bwana. Nyie mnadhani maji ya huku yanatoka juu. Yanatoka chini! Mvua ikinyesha, udongo unavimba, unafunga mdomo, maji yanakaa juu kama supu kwenye sahani. Chimba futi moja, pakavu! Kiangazi ndiyo kinyume chake. Maji ya chini yanavutwa, yanakuja na chumvi yake, yanaiacha juu yanaondoka zao.

— Hapo umesema kweli, alikubali Dizeli. Kwa mara ya kwanza tangu Machi.

— Sasa mnajua nani anayavuta? Lango aliinamisha kichwa, akashusha sauti. Mto. Wahandisi waliunyoosha mto, wakaujengea tuta, wakadhani umeondoka. Haukuondoka. Umepita chini. Unatembea usiku chini ya vitanda vyetu, unatafuta njia zake za zamani.

— Etelka, huyu umemtilia nini kwenye kahawa? aliuliza Goti.

— Kahawa tu. Hayo mengine kaja nayo.

— Si mto, alisema Dizeli. Ni yale matrekta yetu ya ushirika. Tani kumi na mbili kila moja! Tuliushindilia udongo miaka thelathini mpaka ukakata tamaa. Mimi mwenyewe nimechangia, sikatai. Udongo ule sasa ukisikia injini tu, unakaza misuli.

— Unakaza misuli?

— Wallahi unakaza. Zima injini, ingia na farasi, uone kama hautalegea.

— Basi mimi niwaambie, alisema Goti. Unasikiliza. Udongo huu unasikiliza simu. Vuli iliyopita nilipiga simu kukodi jembe la Jumatano. Jumanne jioni laini kama siagi. Jumatano asubuhi, jiwe! Nani kauambia?

— Goti lako.

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wasio na nguvu ya kucheka zaidi. Vendel hakucheka. Alikuwa akilitazama donge lake likipita mikononi, na moyoni alikuwa anaona nafuu fulani iliyomtia aibu. Halijaiva, wamesema wote watatu. Basi si kosa lake. Atakaa, atakunywa, kesho ataleta jingine.

Ndipo trekta lilipopunguza mwendo barabarani na kusimama. Aliyeshuka alikuwa Dorka, mwanamke wa miaka kama thelathini, ovaroli limejaa grisi. Ndiye aliyekodiwa kulima na kupanda, na mashine ya kupandia alikuwa ameshaifunga nyuma, mbegu za Vendel zimo ndani. Ametoka ng'ambo ya mto, kwenye mchanga, ambako mtu analima siku anayotaka. Hii ilikuwa asubuhi yake ya tatu kuja kuulizia.

— Habari za asubuhi, wazee wangu. Babu Vendel, leo vipi?

— Bado, alisema Vendel.

— Bado, alisema Goti.

— Mwanangu, hapa watu hawakurupuki, alisema Dizeli. Kuna utaratibu. Donge limepimwa na watu watatu wenye uzoefu wa miaka mia mbili na ishirini ukijumlisha.

— Sawa, babu. Lakini mimi mchana navuka mto. Kuna watu kumi wananingoja kule, na huku sirudi tena mpaka masika.

Vendel aliiweka bilauri chini, ikagonga kisahani.

— Wewe usitutishe, binti, alisema Lango. Ardhi hii haiendeshwi kwa haraka za mtu. Hapa shibiri moja tu ya mwinuko ni nchi nyingine! Bondeni bata wanaogelea, na mwinukoni, hatua hamsini mbele, nyasi zimekauka. Udongo ule ule! Ndiyo maana tunapima.

Dorka alilichukua donge kwenye kisahani, akaligeuza geuza. Hakuwa na dharau, alitaka kuelewa tu.

— Hili limetoka sehemu gani ya shamba?

Goti alimtazama Dizeli. Dizeli alimtazama Lango. Kwa vuli zote hizo walikuwa wamebonyeza, wamevingirisha, wameonja, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza. Wote wakamgeukia Vendel.

Vendel alitazama buti zake. Angeweza kusema uongo. Ulikuwa ulimini, umeshaandaliwa.

— Pale barabarani, alisema. Kwenye kibonde, kando ya mfereji.

— Kibondeni? alisema Lango polepole. Vendel, pale maji yanasimama hata kiangazi.

— Najua.

— Sasa kwa nini...

— Kwa sababu ndipo mguu unapofika! Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, Etelka akatoa kichwa dirishani. Natoka nyumbani alfajiri, nafika kibondeni, nyonga inakataa. Nainama, naokota, narudi. Katikati ya shamba langu sijafika vuli mbili. Haya, mmesikia. Kunyweni kahawa.

Hakuna aliyekunywa. Goti alikuwa akisugua goti lake. Vendel alijisikia mtupu na mchovu, na kidogo pia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia ambalo amelibeba muda mrefu akiogopa kuonekana.

— Panda, babu, alisema Dorka. Twende tukaone.

Kumpandisha kwenye lile trekta kulihitaji watu watatu. Dizeli alivuta, Goti na Lango walisukuma kutoka chini, na matusi yalikuwa mengi. Etelka alimrushia fimbo yake. Walipita kibondeni, ambako maji yalikuwa yametuama na alama za buti za Vendel zilionekana wazi, zimekuja, zimerudi. Dorka alipita kwenye njia ya majani kando, akapanda ule mwinuko ambao mgeni hawezi hata kuuona, akasimama katikati ya hekta sita.

Upepo ulikuwa ukivuma bila kizuizi. Dorka alimshusha, akachomoa nondo nyuma ya kiti, akaichoma ardhini kwa nguvu zake zote. Nondo ililia, ikarudi. Akajaribu hatua kumi mbele. Ikalia tena. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, na kingo za nyufa zimeota unga mweupe wa chumvi.

Vendel aliinama kwa kushikilia gurudumu, akaokota kipande. Alijaribu kukivunja kwa mikono miwili, kikakataa. Pembeni mwa ufa mmoja aliona punje ya ngano ya miaka iliyopita, iliyochipua na kunyauka. Alitazama upande wa kijiji. Wale wazee watatu walikuwa wamesimama mbele ya duka, wadogo, mikono juu ya macho, wakingoja waambiwe.

— Limeiva likapita, alisema Dorka. Nikiingiza jembe hapa nitakutolea matofali tu. Aliishusha nondo. Dakika yake ilikuwa lini, babu? Jana? Juzi?

Vendel aligeuza kile kipande mkononi. Alikuwa amezaliwa katika nyumba inayoonekana kutoka pale. Amelima shamba lile na baba yake, na farasi, na ushirika, halafu peke yake, na zamani angeweza kuitaja ile saa akiwa amelala kitandani, kwa harufu tu ya upepo uliopita dirishani.

— Sijui, mwanangu, alisema. Sikuwepo.