Nimesaidiwa Na: Maisha ya Mwalimu Médard Bolamba

Papa zetu, mama zetu, ndugu na jamaa, nanyi wanafunzi mliojaa hadi barabarani, mimi ni Théodore, mdogo wa marehemu, tumbo moja, na familia imenituma niwasomee maisha yake mbele ya mwili wake, naomba mnivumilie sauti ikikatika.

Mwalimu Médard Bolamba alizaliwa Bengamisa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa papa Léon, mkulima wa mpunga, na mama Ursule, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi hukohuko Bengamisa tangu 1967 hadi 1973, kisha akaletwa hapa Kisangani kwa mapadri, akapata diploma ya serikali mwaka 1980, na mwaka 1986 akapata licence ya hesabu ya chuo kikuu, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko. Kwa miaka ishirini alifundisha hesabu sekondari, na hata wakati wa vita, chaki ilipokosekana na mshahara ukawa hadithi tu, hakuacha darasa lake.

Mwaka 2006 taasisi moja ya hapa mjini ilimwita afundishe programu za kompyuta mwaka wa kwanza, kazi aliyojifunza mwenyewe akiwa tayari na mvi, kwenye mashine mbovu aliyoachiwa na padri mmoja, na aliifanya kazi hiyo hadi Agosti mwaka huu. Wengi wenu mmepita mikononi mwake, mnazijua kazi zake alizowapa, TP kama mnavyoziita, ile programu ya baleinière, mashua yetu ya mbao ya mizigo, inayopaswa kukataa gunia litakaloizamisha, na ile ya kugawa samaki kwa familia za kwenye maporomoko bila yeyote kupunjwa, zote zikiandikwa kwanza kwa kalamu, maana umeme wetu huja unapotaka.

Mnazijua pia sheria zake, alizozisoma siku ya kwanza akiwa amesimama, kwamba mjadiliane mnavyopenda lakini kila mtu aandike ya kwake, kwamba kazi iliyochelewa itapokelewa kwa nusu ya pointi na haitatupwa, na kwamba juu kabisa ya programu, kabla ya mstari wa kwanza, mwanafunzi aandike "nimesaidiwa na", halafu majina. Aliyeandika "hakuna" aliulizwa mbele ya wote, "Bon, weye ulijifundishaka hata kusoma peke yako?", na aliyeandika Mungu alirudishiwa karatasi, "Mungu anasaidiaka bote, andika mutu," lakini yule aliyemwandika mama yake aliyempikia mboga ya pondu, huyo alimwacha.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na mama Marceline, huyu mnayemwona ameketi chini kwenye mkeka, wakajaliwa watoto wawili, Désiré mwaka 1994, na Adèle, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2000. Adèle ndiye aliyerithi kichwa cha baba yake, kwa wepesi wa hesabu na kwa ugumu wake wote, na mwaka 2018 aliingia darasa la baba yake akiwa na furaha ambayo sote tuliiona.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wenu hulinong'ona, afadhali mlisikie kwangu. Mwezi wa Juni 2019 kazi mbili zilifanana neno kwa neno, ya Adèle na ya mwenzake Emile, kwa sababu Adèle alimwazima karatasi yake ili amwonyeshe njia, Emile akanakili yote bila kuandika jina la aliyemsaidia, na Adèle alipojua akanyamaza. Sheria ilisema kwamba jina lisipokuwepo, aliyetoa na aliyechukua wote wana sifuri, na kaka yangu akawapa sifuri wote wawili. Mama Marceline alimsihi, mimi nikaenda kumsihi, naye akatujibu, "Nyumbani niko papa, kule niko mwalimu, alors munanitaka wapi?"

Kwa sifuri hiyo Adèle akafeli mwaka, akapanda baleinière kwenda Basoko kwa wajomba zake, akaanza kuuza samaki wa kukaushwa, hakukanyaga tena nyumba ya baba yake. Baba hakupiga simu, binti hakupiga simu. Kaka yangu alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa na kichwa kigumu, nalisema hili mbele ya mwili wake, na liliniudhi kwa miaka sita.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2021, na tangu Februari mwaka huu wa 2025 figo nazo zikachoka, miguu ikavimba, akawa anafundisha ameketi. Tarehe 3 Novemba alilazwa, na Jumamosi tarehe 8 alimwambia mkewe neno alilolikalia muda wote huo, "Muite Adèle." Adèle aliondoka Basoko kesho yake, lakini injini ya baleinière ilikufa walipofika Isangi, na Jumatano tarehe 12, saa nane mchana, Mwalimu Médard alifariki akiwa ameugeuzia mlango uso wake. Adèle alifika Ijumaa, amechelewa, lakini sheria ya baba yake juu ya waliochelewa mnaijua, kwa hiyo naomba yeyote asimfukuze kwa macho.

Jioni ya siku hiyo, hapa matangani, Adèle alimshukuru mama yake kwa vifurushi vya chumvi, sabuni na sukari vilivyomfikia Basoko miaka yote hiyo, visivyo na jina la aliyevituma, na mama akashangaa, maana hakuwahi kutuma hata kimoja. Ndipo papa Mohamadi, mfanyabiashara anayeshuka mto na mizigo, aliposimama akasema ni Médard mwenyewe aliyekuwa akimpa vifurushi hivyo pale beach, bandarini, akimwapisha asiseme vimetoka kwa nani. Mtu aliyewakata watu pointi kwa jina lisiloandikwa hakuandika la kwake, na binti yake alilia hadi sisi wanaume tukatoka nje.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mangobo ambao hawajalala kwao tangu Jumatano, walimu wenzake, wanafunzi waliompelekea maji hospitalini kwa zamu, na papa Mohamadi, aliyeitunza siri na akajua wakati wa kuiachia.

Na kwa kuwa karatasi hii nayo ni kazi kama kazi nyingine, juu yake, kabla ya mstari wa kwanza, nimeandika kwamba nimesaidiwa na Adèle, aliyenipa tarehe na kunisahihishia, safari hii jina lake lipo. Naye ameniomba niongeze mstari wake chini, nausoma kama alivyouandika kwa mkono wake, "Mimi Adèle, miaka yote ya Basoko, nimesaidiwa na papa."

Pumzika kwa amani, yaya Médard, kaka yangu mkubwa, jina lako limeandikwa.