Bi Sijaelewa na Neno "Power"

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 11 Machi 1951, katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa tatu kuzaliwa na, kwa maelezo ya dada yake mkubwa aliyeketi hapa mbele, wa kwanza kwa ubishi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza sekondari 1970. Huko ndiko alikobandikwa jina la Bi Sijaelewa, maana mwalimu alikuwa hajashusha chaki, yeye keshanyoosha mkono. Wenzake walimcheka, kisha wakatega masikio, kwa kuwa nao walikuwa hawajaelewa. Chuo kikuu alisomea lugha, akahitimu 1974.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya kamusi, ghorofani juu ya duka la viatu, kufafanua maneno ya Kiingereza kwa Kiswahili. Alikwenda na utaratibu wake: kila fasili isomwe kwa sauti mbele ya wote, kuanzia mkuu wa ofisi hadi mpika chai, na mmoja akisema "sijaelewa", iandikwe upya. Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo, mezani kabla ya kula. Sisi wanawe tumekula sana chakula kilichopoa.

Neno lililomhangaisha kuliko yote ni power. Fundi umeme aliyekuja kukagua nyaya za ofisi aliulizwa maana yake kabla hajatua ngazi.

"Dada, power ni ile ikikatika, ofisi nzima mnatoka nje kupiga soga."

Mama alicheka, akaandika umeme kuwa maana ya tatu. Walifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976, na hadi baba alipofariki mwaka 2009, alijitambulisha kwa wageni kuwa yeye ndiye maana ya tatu.

Mama hakuishia hapo. Alilifuata neno hadi lilikotoka: Waingereza walilipata kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, na huko mwanzo lilikuwa kitenzi cha kawaida kabisa, kuweza. Hata possible ni ndugu yake. Basi mama alitaka maana ya kwanza iwe uwezo wa kutenda, mamlaka ifuate nyuma. Mkuu wa ofisi wa wakati huo hakukubali.

"Mama, power ni mamlaka. Hizo nyingine ni hadithi."

"Bosi, sijaelewa."

Kwa jibu hilo alihamishiwa meza ya kwenye korido, kusahihisha namba za kurasa. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1988, mamlaka ikiwa mbele na kuweza hakupo popote. Siku hiyo tulimwona akilia. Kesho yake alivaa gauni lake la kijani, akaenda kazini kama kawaida. Alistaafu mwaka 2011, kosa hilo bado limemkaa rohoni.

Mwaka jana mkuu mpya, aliyefundishwa kazi na mama, alimwomba aliandike upya neno lake kwa ajili ya chapa ya pili. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha hadi Novemba, alipopatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakawa yanatoka kwa shida. Mwezi uliopita ukurasa uliletwa hospitalini ili auidhinishe. Tulimwambia atie saini apumzike. Alikataa katakata, lazima usomwe kwa sauti. Muuguzi akasoma: "Uwezo wa kutenda jambo." Akakunja uso.

"Mama, hapa sijaelewa. Kutenda mwenyewe, au kuamrisha wengine?"

Tulitamani kumziba mdomo. Mama alicheka kwa upande mmoja wa uso, kisha akatutamkia nyongeza, neno moja moja, mpaka ikakamilika. Muuguzi akaisoma tena.

"Ahaa. Sasa nimeelewa."

Ndipo mama akasaini, kwa mkono wa kushoto.

Alituaga Jumanne asubuhi, tarehe 14 Mei 2024, tukiwa pembeni yake. Ameacha dada, watoto watatu, wajukuu saba, na ofisi nzima ya kamusi iliyofunga milango leo ili kumsindikiza.

Ukurasa huo ninao hapa. Kwa utaratibu wake mwenyewe, nausoma mbele ya wote: "Power. Maana ya kwanza: uwezo wa mtu kutenda jambo, awe ana watu wa kuwatawala au hana."

Mama, tumeelewa. Pumzika kwa amani.