Musili Kisilu, Aliyeanguka Kila Jumamosi

Siku mbili kabla ya kufariki, Onesmus Musili Kisilu alikuwa juu ya paa la nyumba yake mtaani Satellite, akipigilia bati lililolegea. Jirani aliyemsihi ateremke alijibiwa, "Nikianguka nitakuambia." Kwa hiyo mtusamehe sisi wa familia ikiwa leo, hapa kaburini, tunaonekana kama watu walioamshwa kwa kishindo. Ndivyo tulivyo.

Musili alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 nje kidogo ya Kangundo, Machakos, mtoto wa pili wa marehemu Kisilu Mwau na marehemu Rachael Kisilu. Dada yake mkubwa, Munyiva, ndiye aliyembeba mgongoni, na ndiye aliyempeleka sinema. Mwaka wa 1962 misheni ya karibu ilipata projekta. Jumamosi alasiri madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi na watoto wakaonyeshwa sinema za mfululizo: dakika ishirini kila wiki, na kila wiki zilikatika pale pabaya, steringi, yaani shujaa wa sinema, akining'inia kwenye genge au amefungwa relini na gari moshi linakuja. Kiingilio kilikuwa yai moja. Kwa Jumamosi tisa Munyiva aliiba mayai mawili, mpaka mama yao akaamua kuku amezeeka, akamchinja. Musili alikula paja la kuku huyo huku akilia, na hakuna aliyejua kwa nini. Ndugu hao wawili hawakulisema jambo hilo nyumbani mpaka mama alipozikwa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hiyo, akafaulu mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1967, kisha akasoma sekondari miaka miwili hadi baba yake alipofariki. Kiingereza alikijifunza nusu darasani, nusu kwenye maandishi ya sinema. Nairobi ilimwongezea Kikuyu cha majirani wa Riruta, Kijaluo cha wapangaji wake, na Kigujarati, ambacho alijua matusi tu, kwa sababu mwajiri wake hakumsemesha mengine.

Mwajiri huyo alikuwa na majumba mawili ya sinema katikati ya jiji na nakala moja ya kila filamu. Musili aliajiriwa Januari 1972 kubeba mikebe ya filamu kwa baiskeli kutoka jumba la kwanza hadi la pili, ili mkebe uliokwisha kuonyeshwa huku uwahi kuanza kule. Siku alipogongwa na mkokoteni, watu mia nne walikaa gizani dakika ishirini na tano wakipiga viti. Alipofika, goti likivuja damu, walimshangilia kuliko walivyomshangilia steringi. Mwaka wa 1975 alipandishwa kuwa mwendesha mashine, akaishika kazi hiyo hadi 1998, jumba lilipogeuzwa kanisa. Wachungaji walitaka viti, hawakutaka mikebe. Musili alibeba projekta ndogo na mifululizo mitatu ya zamani ambayo haikuwa na mwenyewe. Mfululizo mmoja mkebe wake wa kwanza ulikuwa umeoza, na mpaka leo hakuna anayejua sinema hiyo inaitwaje. Baadaye alifungua karakana ya redio na televisheni kando ya Barabara ya Naivasha, akaifunga mwaka wa 2016.

Mke wake, Debra Kaindi, alimpata kwa malalamiko. Mwaka wa 1979 Kaindi alikuwa fundi wa nguo Riruta, na kila Jumamosi asubuhi alikuja mjini kutazama mfululizo. Wiki moja gari la steringi lilitumbukia bondeni naye akiwa ndani. Wiki iliyofuata akaonyeshwa akiruka kabla gari halijafika ukingoni. Kaindi alipanda ngazi hadi chumba cha mashine, akagonga.

"Wiki jana hakuruka," alisema. "Mimi niliangalia. Umekata filamu?"

"Dada, hivyo ndivyo walivyoitengeneza."

"Basi wametudanganya, na wewe umewasaidia."

"Njoo Jumamosi ijayo, nikuonyeshe wanavyodanganya."

Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981 na wakajaliwa watoto wawili, Ken na Maureen.

Tangu 1998 sebule yao ya Satellite ilikuwa wazi kila Jumamosi saa tisa alasiri. Walikuja majirani, wapangaji, wanakwaya, na wapita njia waliosikia mlio wa projekta. Sehemu moja tu kwa wiki. Ken aliwahi kumwambia, "Baba, si tumalize zote leo? Ziko hapa tu." Akajibiwa, "Ukimaliza leo, wiki ijayo utangoja nini?" Mfululizo ulipokwisha ulirudiwa, na aliyeujua mwisho alipaswa kufunga mdomo. Sehemu ilipokatika, Musili alizima mashine na kumwiga steringi. Huyo akianguka, naye alianguka kutoka kitini. Akipigwa risasi, naye alilala zuliani, haongei wala hapepesi macho, mpaka kila mgeni aseme steringi ataokokaje. Kisha Kaindi alitoka jikoni na sinia na kusema, "Haya marehemu, inuka, chai inapoa." Musili alifufuka kwa mguno mkubwa, watu wakapiga makofi. Kaindi alisema maneno hayo Jumamosi nyingi mno, na wiki hizi mbili ameomba tusiyarudie mbele yake. Sasa ameruhusu yaandikwe.

Kwa desturi hapa ndipo huandikwa habari za ugonjwa. Hakukuwa na ugonjwa. Mwezi wa Februari alipimwa presha, akaambiwa ni nzuri kuliko ya daktari.

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, ilikuwa zamu ya sehemu ya tisa. Walikuwepo watu kumi na mmoja. Steringi alikuwa amefungiwa chumba cha chini, maji yakipanda, yamefika kidevuni. Picha ikakatika. Musili akazima projekta, akawasha taa, akarudi kitini. Akashika ukosi wa shati kama mtu anayetafuta hewa, akateleza, akalala kifudifudi.

Sebule ikapiga makofi.

"Leo mzee amezama kabisa!" alisema Mwaura, jirani yake kwa miaka thelathini.

"Huyo hafi," alijibu Okinyi, mpangaji. "Steringi anakufanga?"

"Basi sema ataokokaje."

"Kuna bomba pale chini. Anazibua, maji yanaisha."

"Na mikono imefungwa? Atazibua na meno?"

Watu walicheka, wakazunguka chumba kizima, kila mmoja na lake. Kaindi akatokea na sinia. "Haya marehemu, inuka, chai inapoa." Hakuinuka, wakacheka zaidi. Akasema mara ya pili, na Mwaura akasema, "Leo anataka maandazi kwanza." Akasema mara ya tatu. Ndipo alipoiona miwani. Musili hakuwahi kuanguka na miwani. Kila mara aliivua kwanza, akaitia mfuko wa shati, kwa kuwa aliipenda kuliko heshima yake. Sasa ilikuwa usoni, imepinda, kioo kimoja kimetoka. Kaindi aliliachia sinia.

Walimfikisha hospitali kwa gari la Mwaura. Alikuwa amekwisha kufa. Kaindi alimuuliza daktari kama angeokolewa iwapo wangemshika mara alipoanguka. Daktari akasema, "Mama, siwezi kukuambia ndiyo, wala siwezi kukuambia hapana." Jibu hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Okinyi anasema walicheka dakika mbili. Mwaura anasema nne. Kundi la WhatsApp la mtaa lilisema nusu saa, na kwamba mjane alikuwa akimpiga picha. Si kweli. Lakini kucheka walicheka.

Katika mkutano wa kupanga mazishi mzee mmoja alishauri kwa nia njema tuandike kwamba Musili alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Kaindi aliuliza, "Aliugua lini? Mimi nalala naye, mbona sikuona?" Mzee akasema ni namna tu ya kumfunika yeye. "Msinifunike," alisema. "Andikeni tulicheka. Nikifichwa leo, nitawaangaliaje watu kesho?"

Munyiva, mwenye umri wa miaka sabini na sita, alikuwa kwenye kona ya chumba hicho. Tangu ashuke kutoka Kangundo alikuwa hajamsalimu Kaindi. Aliyapokea maji kutoka kwa wote isipokuwa yeye. Siku ya tatu alikuwa amemuuliza mbele ya watu: "Wifi, mtu anakufa mbele yako, wewe unamwita chai?" Kaindi mwenyewe alikuwa akijiuliza swali hilo hilo kila saa, na jioni ile alimwambia Maureen kwamba Munyiva akisimama mbali naye kaburini, atajua Musili mwenyewe amesimama mbali.

Jumatano baada ya mkutano huo, saa tisa alasiri, Munyiva alimwita Ken sebuleni.

"Baba yako alikuwa anaangukaje?"

"Shangazi, wacha tu."

"Nimekuuliza. Watu wote wa Nairobi wameona isipokuwa mimi."

Ken ana mwili wa baba yake, urefu ule ule, mabega yale yale. Alimwangalia mama yake, na mama hakusema ndiyo wala la. Akakaa kwenye kiti kile. Akavua miwani yake, akaitia mfukoni. Akashika moyo, akageuza macho, akapiga teke moja hewani, akaporomoka zuliani kama gunia la viazi. Kaindi alipiga ukelele. Na katika ukelele huo ikasikika sauti nyingine. Munyiva alikuwa amecheka. Kicheko kilimtoka kizima, cha msichana, kabla hajakizuia. Aliziba mdomo kwa kanga kwa mikono miwili, akatazama huku na huku kama aliyefumaniwa, macho yamemtoka.

Ken alibaki chini, hajui kama ainuke.

"Mimi pia," alisema Munyiva. "Ningekuwa hapa, ningecheka mimi pia. Ningekuwa nacheka mpaka sasa."

Aliinuka kwa shida, akavuka sebule, akakaa kando ya Kaindi kwenye kochi. Hakuomba radhi na hakuombwa. Alinyoosha mikono na kuomba maji, na Kaindi ndiye aliyekwenda kuyaleta.

Daktari hajabadilisha jibu lake, na Kaindi bado anaamka usiku na kuhesabu dakika. Familia haiwezi kumwondolea hilo kwa karatasi moja. Inachoweza ni kusema mbele yenu, bila kuficha, jinsi mambo yalivyokuwa, ili asiyabebe kama siri.

Musili ameacha mjane, Debra Kaindi, watoto, Ken na Maureen, wajukuu wanne, na dada yake Munyiva. Wasifu huu ulikuwa usomwe na mpwa wake. Jana Munyiva aliichukua rasimu yake, akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti ya chini, akaikunja akaitia mkobani. Amesema atausoma mwenyewe, akiwa amesimama na Kaindi mkono kwa mkono, na kwamba akifika pale palipoandikwa walicheka, atapasoma kwa sauti.

Mungu ampe ndugu yetu pumziko lenye amani.