Walionitoa kwa Sababu ya Kelele

Mama zangu na dada zangu, mmeniomba nisimame niwaeleze nilivyotoka pale nilipokuwa. Nitasema. Lakini mnanijua, upole sikupewa, na jambo hili bado linanichemsha. Mnivumilie. Majina sitataja. Anayejijua atajijua, hata kama yuko mbali.

Wengi wenu mlikuwepo. Lakini wageni wa kikundi hiki huniuliza kwa nini nikipita kwenye baraza ya kituo cha majani chai nasimama kidogo, hata nikiwa na haraka. Nasimama kwa sababu napakumbuka.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaingia chuo cha ufundi kusomea uhandisi wa mitambo. Wasichana tulikuwa wachache, na mwenye mtoto nilikuwa mimi peke yangu. Nilijifungua mwaka wa mwisho ulipoanza. Muhula ule wanafunzi walikuwa wametawanyika, kila mmoja akifanya mafunzo ya kazi mahali pake, kwa hiyo chuo kikasema mradi wa kubuni mashine tuufanye kwa simu, kwa vikundi. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nitasoma huku nanyonyesha.

Nyumbani hawakuwa wepesi. Mama mkwe alisema mwaka huo mmoja, basi, baada ya hapo nishike jembe kama wake wengine. Nilikubali. Mwaka mmoja ulitosha, mradi nisianguke. Na sheria ya chuo ilikuwa fupi: asiye na jina kwenye ripoti ya kikundi hana alama, na asiye na alama anarudia mwaka. Mimi mwaka wa kurudia sikuwa nao.

Tulikuwa watano. Msichana mmoja Mombasa, kijana mmoja Nakuru, wawili Nairobi, na mimi hapa Itumbe. Tulipewa kubuni mashine ya kukatia nyasi za ng'ombe, ya kukanyaga kwa mguu, isiyohitaji stima. Mwenyekiti, mmoja wa wale wa Nairobi, sauti yake kama ya mtangazaji, akagawa kazi: huyu fremu, huyu visu, huyu mnyororo na pedali, yeye ripoti. Mimi nikapewa shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha visu. Kila mtu akaenda kuchora kwake.

Kwetu bondeni mtandao haukushika. Ulishika barazani pa kituo. Basi kila Jumanne nilipanda, mtoto mgongoni, simu mkononi, na ninyi mlikuwa pale na vikapu vyenu mkingoja lori ambalo halikujua saa. Simu yangu ilikuwa imekufa upande wa sikioni, haisikiki mpaka uweke spika. Mkutano wa wahandisi ukawa wa kijiji kizima.

Ndugu zangu, nawaambia, siku zile sizipati tena. Mlianza kwa kukaa kimya kwa heshima, mkaishia kufuatilia kama mchezo wa redio. Kila sauti mliipa jina. Yule wa Nakuru aliyesafisha koo kabla ya kila neno alikuwa Kikohozi. Msichana wa Mombasa mlimpenda kwa salamu zake, mkamwita Mokamwana, mke wa mwana, mkaanza kugombana ni boma la nani litamwoa. Mwenyekiti mlimwita Chifu. Nikikosa wiki moja, mtu ananisimamisha njiani kuniuliza kama Kikohozi amemaliza visu vyake. Mtoto alipita mikono yote ya baraza ile. Huyu anamshika, huyu anapukuchua maharagwe, huyu anasema shafti ni nini tena, hebu rudia. Nilirudia mpaka nikaielewa mimi mwenyewe.

Upande wa pili hawakuona raha hiyo. Kila mkutano niliuliza swali moja: vipimo tunaanzia wapi, sakafuni au juu ya meza ya mashine? Kabla sijamaliza mtoto analia, au karani anaita mtu kwenye mizani, na Chifu anasema, dada, zima maiki. Nikizima wananisahau. Nikiwasha wananikaripia. Swali halikujibiwa.

Halafu Jumanne moja, mbele yenu wote, akasema, "Dada, huko kwako ni kama soko. Tumekubaliana jina lako litoke kwenye ripoti. Shafti nitachora mimi."

Aliyemjibu ni magokoro, bibi yetu, aliyekuwa amempakata mtoto. Aliinamia simu, akauliza taratibu, "Kijana, wewe mama yako alikulea kimya?"

Simu ikakatwa. Mlicheka hadi vikapu vikaanguka. Mimi sikucheka. Niliteremka ule mteremko nikilia kwa hasira, nikamwambia mtoto kwamba mama yake amerudi kwa jembe. Nilimaanisha.

Kesho yake ilikuwa egesangio, ile kazi yetu ya kusaidiana, leo sote shamba la huyu, kesho sote shamba la yule. Tulikuwa kwa magokoro, tukipalilia mahindi. Wawili wenu mkaanza kuzozana. Mmoja anasema mwenzake ameruka kipande, mwenzake anakataa. "Sote tumeanzia ukingo huu," akaambiwa, "sasa hayo magugu nyuma yako ni ya nani?" Magugu yalikuwa yamesimama pale, kila mtu anayaona. Akarudi kuyang'oa huku ananung'unika.

Mimi nikabaki nimeshika jembe. Nikaona ugonjwa wa kikundi changu. Sisi huku tunaanzia ukingo mmoja, shamba moja, ndiyo maana magugu ya mtu hayafichiki. Wale wahandisi, na mimi nikiwemo, kila mtu analima kwake, halafu tunategemea mistari itakutana yenyewe.

Niliporudi nyumbani nikachukua michoro yote iliyotumwa, nikaiweka kwenye karatasi moja. Fremu ilipimwa kutoka sakafuni. Visu kutoka juu ya meza. Mnyororo kutoka kwenye pedali. Shafti yangu kutoka katikati yake yenyewe. Havikugusana. Shafti ilining'inia hewani juu ya fremu kama mgeni aliyenyimwa kiti.

Sikuomba. Nilipiga picha, nikaituma na sauti yangu: "Hii ndiyo mashine yetu. Mnitoe, sawa. Lakini mwalimu akiuliza shafti imekalia nini, Chifu ajibu."

Nilisahau kwamba jina Chifu ni la barazani, wao hawalijui. Lakini walielewa.

Mokamwana alinipigia kwanza. Akasema, "Dada yangu, sasa tufanyeje?" Nikamwambia tunafanya kama kwetu. Kila kipimo kinaanzia sakafuni. Leo sote tuko kwenye fremu yako, hakuna kwenda kwingine mpaka imalizike. Kesho sote kwenye visu. Na maiki yangu haizimwi. Wengine wakakubali. Chifu alikuja wa mwisho, hakusalimu, lakini alikuja, na siku ya ripoti yake tuliingia sote tukamng'olea magugu. Jina langu likarudi.

Siku ya kuwasilisha, lori lililochelewa mwaka mzima likafika mapema. Karani anaita majina, wanaume wanatupa magunia, mtoto analia, na mwalimu yuko kwenye simu anasikia yote. Akauliza, "Hizo kelele ni za nani?"

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe cha kuzima. Chifu akatangulia.

"Ni za kikundi chetu, Mwalimu. Shafti ataeleza mwenye shafti."

Nikaeleza. Nilipita, na mwaka haukurudiwa.

Msamaha Chifu hajaniomba mpaka leo. Nimemsamehe nusu. Hasira yangu kubwa siyo kwake, ni kwa yeyote anayedhani anayesoma lazima awe na chumba na mlango wa kufunga. Sasa nimerudi chuoni kuongeza masomo, tunakaa meza moja, kimya, na kimya kile kinanichosha. Mlingoti wa simu umejengwa, mtandao unashika hadi jikoni kwangu, sina sababu tena ya kupanda. Mtoto anakimbia, hataki kupakatwa. Nimepata nilichotaka, na bado natamani mtu anisimamishe njiani kuniuliza Kikohozi yukoje.

Asanteni. Asante magokoro kwa swali lile. Asanteni mliomshika mwanangu bila kuitwa. Asante mama mkwe, aliyenibana lakini Jumanne hakuniwekea kazi nyingine. Ninachowaachia ni hiki: gawaneni kazi, ila msiachane shambani.

Na yuko msichana kati yetu, simtaji, aliyeniambia jana anaacha masomo kwa sababu ana mtoto mchanga na kwao mtandao haushiki. Darasa lako ni Alhamisi. Njoo jikoni kwangu, mimi niko likizo. Mtoto nitamshika mimi. Akilia, mwache alie, maiki usizime.