Kitshanga na Kitchanga: Maisha ya Mama Emérence Uwamwezi

Ndugu, majirani na ninyi nyote mliofika kwa barabara hii mbovu, mimi ni Patient, mdogo wake Emérence, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mama Emérence Uwamwezi alizaliwa Ngungu, huku Masisi, tarehe 14 Machi 1979, akasoma shule ya msingi hapo hapo, akapata diploma ya serikali ya kumaliza sekondari Masisi mjini mwaka 1997, kisha akaenda Kinshasa kusomea takwimu, huku mama yetu akiwaambia watu sokoni kwamba binti yake anasomea udaktari, maana hilo lilikuwa rahisi kueleza.

Tangu mwaka 2005 alifanya kazi Goma, kazi ya kukusanya majaribio ya dawa ya mahali mbalimbali, kila moja dogo mno kuaminiwa peke yake, na kuyaunganisha yatoe jibu moja, lile lenye wagonjwa wengi likipewa uzito zaidi. Mwaka 2009 alitangaza kwamba dawa mpya ya malaria ya watoto inaishinda ya zamani, halafu akashtuka, kumbe jaribio la Kitshanga na jaribio la Kitchanga ni moja, watoto wale wale, limechapishwa mara mbili kwa tahajia mbili, na yeye, mzaliwa wa Masisi uliko mji huo, amelihesabu mara mbili. Alipolitoa moja, ushindi wa dawa ukayeyuka. Akakanusha kazi yake mbele ya wenzake wote, akapanda pikipiki hadi Walikale kumgombeza daktari aliyeandika vile, Faustin, ambaye alimwoa tarehe 7 Agosti 2010, na hadi leo shemeji yetu huyu hana hakika jina la mji ule linaandikwaje. Mungu akawajalia Elodie na Christian.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya titi iliyokwisha kusambaa, akakubali kuingia katika jaribio la dawa mpya, na dawa haikumsaidia. Faustin, kwa uchungu, alitaka kumwondoa katika jaribio na matokeo yake yafutwe, naye Emérence akakataa kutolewa, akamjibu nikiwa pale: "Papa Elodie, usinitoshe. Mukibakisha tu benye banapona, dawa itaonekana muzuri, na mama mwengine atakunywa ya bure, hatapona." Alituacha Goma, tarehe 9 Novemba 2024, na sisi tumeumia sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi kwenye kilio, na wenzake wa kazi, ambao nawaambia kwamba jana Faustin alitia saini kwamba matokeo ya Emérence yabaki katika jaribio, pamoja na ya wale ambao dawa haikuwafaa.

Lala kwa amani, dada yangu, umehesabiwa.