Kinga Iliyoondolewa Kwenye Chaja za Gari

Mgeni rasmi, mwenye kiwanda, karibu. Sisi wafanyakazi wa meza ya kuunganisha chaja za gari tumekuandalia maneno haya kwa hofu, na tunaomba utusikilize hadi mwisho.

KAZI YETU
Umeme wa gari hautulii. Waya wa betri ukichomoka injini ikiwa inaunguruma, umeme huruka ghafla hadi mara kadhaa ya kiwango cha kawaida. Ndani ya chaja zetu kulikuwa na kidude kidogo kama punje ya mchele, tunachokiita kinga, kazi yake kuumeza mruko huo. Miaka sita hatukuletewa chaja iliyoshika moto.

YALIYOMPATA MWENZETU
Miezi miwili iliyopita kinga ziliadimika, ikaja amri tuendelee bila hizo. Mpimaji wetu, tunayemwita Mama Mita, alikataa kuzipigia muhuri wake wa ukaguzi. Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba ni kwa muda tu, na kwamba wanaoitaka nafasi yake ni wengi. Akapiga.

Wiki iliyopita alipanda gari la shemeji yake, bintiye amekaa mbele anachaji simu. Gari likaingia shimoni, waya wa betri ukachomoka. Chaja ikafuka moshi, kisha ikawaka, ikamuunguza binti kiganja. Mama Mita aliing'oa kwa mkono mtupu. Alipoigeuza, akauona muhuri wake.

Binti akamuuliza, "Mama, si ndizo mnazotengeneza nyinyi?"

Kesho yake alitusimulia, akahesabu maboksi yaliyokwisha kutoka bila kinga. Sisi nasi tuna ndugu barabarani. Simu ikiita, tunaogopa kupokea.

MAOMBI
Tunaomba kinga zirudishwe, chaja zilizotoka bila kinga zikusanywe, na Mama Mita asiadhibiwe kwa kusema.

Liko lingine tuliloliongeza sasa hivi, nalo haliwezi kusubiri. Ulipowasili, Mama Mita alichungulia gari lako, akaona chaja ya kundi lile lile. Alimsihi dereva wako aichomoe.

Dereva akamjibu, "Mpaka mzee mwenyewe aseme."

Mgeni rasmi, tunakuomba useme kabla hujapanda.

Mungu akufikishe kwako salama, wewe na kila aliyebeba kazi ya mikono yetu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Meza ya Kuunganisha Chaja