Oyaro, Aliyemfunga Mwanawe Mkanda

Ndugu waombolezaji, familia inawasomea maisha ya Oyaro Masese kama mjane wake Scovia alivyotaka yasomwe, bila kufichwa kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 mjini Isebania, kaunti ya Migori, mtoto wa tatu wa Mzee Masese na Mama Phelesia, wafanyabiashara wa nafaka waliohamia huko kutoka Kisii, akasoma shule ya msingi na ya upili hapo hapo Migori, kisha akajifunza ufundi wa friji mjini Homa Bay, akahitimu mwaka 2009. Alifanya kazi Muhuru Bay, akitengeneza majokofu ya wauza samaki, na wengi mlioketi hapa mlimwamsha alfajiri samaki wenu walipokaribia kuoza, naye akaja.

Tarehe 6 Agosti 2017 alifunga ndoa kanisani na Scovia, wakakaa miaka mingi bila mtoto, na maneno mliyomwambia Scovia miaka hiyo hayatasomwa leo, mnayajua. Sheila alizaliwa tarehe 9 Aprili 2023.

Oyaro aliponunua gari, alitafuta kiti cha mtoto kabla hata ya kutafuta tairi ya akiba. Kiti cha kwanza alichoonyeshwa sokoni alikikataa kwa kuwa plastiki yake ilikuwa na ufa, akazunguka hadi akapata kinacholingana na uzito na kimo cha Sheila, akakifunga kwenye kiti cha nyuma, mtoto akiangalia nyuma ya gari, akakitikisa kwa mikono miwili kuhakikisha hakichezi. Baba mdogo wa Oyaro, Mzee Mokua, alicheka mbele ya watu: "Mtoto afungwe kama mzigo, na magoti ya nyanya yake yapo?" Oyaro akajibu kwa upole, "Baba, gari likigonga, magoti hayashiki mtoto." Siku hiyo nyanya alipanda akakaa kando ya kiti, amenuna.

Lakini kifungio cha mkanda wa dereva kilikuwa kimevunjika tangu gari liliponunuliwa. Fundi huyu, aliyefufua majokofu yaliyokwisha kutupwa, alikuwa akiupitisha mkanda begani na kuukalia akiona polisi, basi. Scovia alimuuliza mara nyingi, "Baba Sheila, huo wako utautengeneza lini?" naye akasema, "Wiki ijayo, Mama Sheila, bora mtoto amefungwa." Scovia anataka mjue kwamba alimkasirikia kwa hilo akiwa hai, na bado amemkasirikia.

Sabato ya tarehe 17 Mei 2025, wakitoka ibadani Homa Bay kurudi Migori, walikuta kwenye kona lori la miwa lililoharibika, limeachwa katikati ya barabara yenye mvua, bila hata tawi la kuonya, wakaligonga. Scovia alikuwa nyuma kando ya mtoto, amefunga mkanda, akavunjika mkono. Sheila alitolewa kitini analia, hana hata mchubuko. Oyaro alirushwa kwenye usukani na kioo, akafariki hospitalini tarehe 20 Mei, kwa majeraha ya kifua na kichwa.

Wapo wanaonong'ona nyuma ya hema hili kwamba mke alijificha nyuma na mtoto akamwacha mume mbele. Wasimame waseme hapa. Jana, kabla kaburi halijachimbwa, Mzee Mokua alituma mtu kuomba kile kiti, ati sasa ameona kinafanya kazi, wajukuu wake wakitumie. Scovia alimjibu, "Mwambie Baba kiti kilichopata ajali hakifai tena. Anunue kingine, na asicheke." Kiti kimekatwa vipande.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, majirani waliopika na kulala hapa, na mafundi wenzake wa Muhuru Bay waliobeba jeneza. Waliofika kwanza kwenye ajali wakampiga picha akiomba maji, hao familia haina la kuwashukuru.

Marehemu ameacha mjane mmoja na binti mmoja.

Oyaro, ungejipenda hata nusu ya ulivyompenda mwanao, leo ungekuwa nyumbani ukimlisha uji. Pumzika, baba wa Sheila. Amani uichukue wewe, sisi hatunayo bado.